Pikapu Ikianza Kuchemsha: Spea Ipi Inunuliwe Kwanza?

Zipo nyumba nyingi katika nchi yetu ambazo riziki yake imekaa nyuma ya pikapu moja kuukuu. Ndiyo inayoshusha kabichi za Lushoto hadi Mombo, ndiyo inayobeba viazi vya Njombe, tofali za kibanda cha kuku, maziwa ya alfajiri, na Jumapili inabeba kwaya. Ada za watoto zimo humo. Kwa hiyo siku mshale wa geji ya joto unapopanda kuelekea herufi H na mvuke ukatoka chini ya boneti, hilo si jambo la baba na fundi wake tu. Ni jambo la nyumba nzima.

Hata hivyo, mazungumzo ya spea kwa kawaida hufanyika mama akiwa hayupo. Fundi humwita baba kando, wakaangalia chini ya boneti, wakaelewana, na mama huja kusikia mwisho wa habari, yaani kiasi cha fedha kinachotakiwa. Hatusemi hivi ili kuwalaumu akina baba. Ni mazoea tu. Lakini mwanamke yule wa Mithali 31 alilifikiria shamba kabla ya kulinunua, na fedha inayokwenda kununua rejeta hutoka mfuko uleule wa kununua shamba. Mama anayejua kuchagua mchele kwa kuusugua kiganjani hawezi kushindwa kuchagua pampu ya maji. Akielezwa vizuri, ataielewa.

Kwa mfano wetu tumechukua Toyota Hilux, hasa zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1988 na 1997 zenye injini za dizeli za 2L au 3L. Wenye Nissan, Mazda, Isuzu au Peugeot 504 wataona kwamba mambo yanafanana.

Maji yanavyozunguka

Injini ikichoma mafuta hutoa joto jingi, na sehemu kubwa ya joto hilo halina kazi; lisipoondolewa, vyuma huharibika. Maji hupita ndani ya injini na kulibeba joto hilo. Pampu ndiyo inayoyasukuma. Yakishapata joto hutoka kwa mpira wa juu, huingia kwenye rejeta, hushuka ndani ya vijineli vyembamba huku feni ikivuta upepo, kisha hurudi injini kwa mpira wa chini. Ni sawa na mzee anayemimina chai kwenye kisahani ili ipoe: maji yakitandazwa membamba penye upepo, hupoa upesi.

Viungo viwili vidogo huamua mengi. Cha kwanza ni thamostati, yaani kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Cha pili ni mfuniko wa rejeta. Huo hufanya kazi kama mfuniko wa sufuria ya presha: unayabana maji ili yasichemke mapema. Mfuniko ulioandikwa 0.9 ukiwa mzima, maji hayachemki kwenye nyuzi 100, bali hufika karibu nyuzi 118 kwa sisi tulioko pwani. Mfuniko uliochoka huyaacha yachemke mapema, na kwa ndugu zetu wa nyanda za juu hali ni mbaya zaidi. Katika mji wa Njombe, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Anayepika maharage huko anajua tunachosema.

Kwanza ugonjwa, kisha dawa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Gari limechemsha, fundi anasema, "Rejeta imekufa." Rejeta inanunuliwa, gari linachemsha tena. "Basi ni pampu." Pampu inanunuliwa. Mwisho inagundulika kwamba tatizo lilikuwa mfuniko, au baya zaidi, gasketi ya silinda hedi ilikwisha kuungua tangu siku ya kwanza. Nyumba imelipa mara tatu kwa ugonjwa mmoja. Bwana wetu, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara akaanza kwa kuketi na kuhesabu gharama. Kwa pikapu, kuketi ni kumwuliza dereva maswali kabla ya kutoa hata shilingi.

Swali la kwanza: linachemsha likiwa wapi? Kama linachemsha likisimama kwenye foleni au likitambaa sokoni, lakini likipata barabara na upepo linapoa, basi mtazame feni na mkanda wake. Rejeta huenda haina kosa. Kama ni kinyume chake, yaani mjini linatulia lakini likipanda Kitonga na mzigo mshale unapanda nalo, hapo rejeta iliyoziba ni ya kushukiwa, pamoja na mpira wa chini unaojikunja kwa kufyonzwa na pampu.

Swali la pili: maji yanapungua? Na yanakwenda wapi? Tone chini ya pampu ni dalili kwamba sili ya ndani imekwisha. Pampu nyingi zina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili maji yatoke hapo na kutoa taarifa. Alama ya kijani au ya kutu kwenye maungio ya mpira ni klipu iliyolegea. Maji yakipungua kila siku wala pasionekane tone, hapo moyo udunde. Tazama kama rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikiwa inanguruma, kama moshi mweupe unatoka nyuma hata baada ya injini kupata moto, au kama kijiti cha kupimia oili kinatoka na kitu kama chai ya maziwa. Yote hayo yanasema gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka. Katika hali hiyo kununua rejeta mpya ni kutupa fedha. Hedi ishughulikiwe kwanza.

Na tuseme hapa, maana tunawafikiria watoto na vijana wa gereji: mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yale yamebanwa; mfuniko ukilegea hulipuka usoni yakiwa na joto kupita la maji yanayochemka jikoni. Injini izimwe, ingoje hadi mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Hata nusu saa inaweza isitoshe.

Thamostati, na jaribio la jikoni

Tungependa kukaa kidogo hapa, kwa sababu spea hii ni ya bei ndogo kuliko karibu zote, nayo ndiyo inayotendewa vibaya kuliko zote. Mafundi wengi wana desturi ya kuing'oa na kuitupa. "Nchi yetu ni ya joto, mama, hii ni ya Wazungu wenye baridi." Maneno hayo yana mvuto, lakini si kweli. Injini nyingi za Toyota zina njia ya pembeni ya kurudishia maji wakati injini ingali baridi, na thamostati ikifunguka ndiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiing'oa, njia ya pembeni hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupitia rejeta kabisa. Kwa hiyo gari hupoa kupita kiasi asubuhi, likala mafuta zaidi na kusaga vyuma vyake, halafu kwenye mlima wenye mzigo linachemsha. Baba hushangaa: thamostati imetolewa na bado linachemsha!

Kuijaribu ni kazi ya jikoni. Thamostati hupigwa chapa ya joto lake, mara nyingi 82 au 88. Chukua sufuria kuukuu isiyopikiwa tena chakula, tia maji, ining'inize thamostati kwa uzi isiguse kitako cha sufuria, na uweke jikoni. Ikiwa baridi lazima iwe imefungwa kabisa. Maji yakikaribia kuchemka, utaona sahani yake ya kati inainuka polepole. Isipoinuka, imekufa. Ikiwa wazi tangu maji yakiwa baridi, imekufa vilevile. Mwenye kipimajoto cha jikoni anaweza kuona inaanzia nyuzi ngapi. Angalizo kwa mama wa Njombe na Makete: thamostati ya 82 huwa wazi kabisa inapofika kama nyuzi 95, na maji yenu hayafiki huko kwenye sufuria iliyo wazi. Ikiinuka kidogo tu msiihukumu haraka.

Fanyeni jaribio hilo hata kwa thamostati mpya kabla ya kumkabidhi fundi. Ikipachikwa, kile kijipini kidogo kinachochezacheza pembeni kikae upande wa juu, ili hewa itoke.

Pampu ya maji

Mahali pa kutobana fedha ni hapa. Pampu ikifa njiani, injini hufa nayo kwa dakika chache kama dereva hakuona geji. Pampu ya mtumba, iliyofunguliwa kwenye injini nyingine, hatuishauri kabisa, hata ikiwa imeng'arishwa kwa brashi ya waya. Sili na beringi zake zimekwisha kutumika, na hakuna macho yanayoweza kuona umri wake.

Pampu mpya zina majina mengi. Aisin ni kampuni ya Kijapani ambayo imekuwa ikiitengenezea Toyota yenyewe vipuri. GMB na NPW nazo zinafahamika. Tatizo ni kwamba jina zuri huigwa. Kwa hiyo tumia mikono. Zungusha mhimili wake: uende laini, bila kukwaruza wala kuruka. Utikise kwa pembeni: usicheze. Ugeuze pampu uone pangaboi lake la kusukumia maji, kama limekaa sawa na halina kutu wala ncha za chuma kilichomwagwa ovyo. Tazama uso unaokutana na injini, uwe umelainishwa vizuri. Weka pampu ya zamani kando ya mpya, tundu kwa tundu, kimo kwa kimo, na mahali pa kufungia feni. Gasketi iwemo ndani ya boksi.

Mkanda wa feni ubadilishwe siku hiyohiyo, maana umekwisha funguliwa. Zile injini zenye mikanda miwili inayovuta pamoja, nunueni yote miwili. Mpya na wa zamani havivuti sawa. Mitsuboshi na Bando ni majina ya Kijapani ya siku nyingi katika mikanda. Ukishafungwa, ubonyezwe kwa kidole gumba katikati: uingie kama sentimita moja. Ukikazwa mno unaua beringi ya pampu mpya mliyoinunua kwa jasho.

Hilux nyingi za dizeli zina feni yenye kikombe katikati kilichojaa mafuta ya silikoni. Injini ikiwa imezimwa, isukume kwa mkono. Ikizunguka raundi nyingi bila kizuizi, kikombe kimekwisha. Kuna mafundi wanaokifunga kwa boliti au kukichomelea feni izunguke siku zote. Inapooza, lakini inapiga kelele, inakula mafuta na nguvu ya injini. Kwa safari ya dharura sawa; kwa miaka, hapana.

Rejeta: mpya, mtumba au kutengeneza?

Hii ndiyo spea kubwa, na ndiyo ambayo pengine hamhitaji kuinunua. Rejeta za zamani ni za shaba. Kama yenu ni ya shaba, fundi lehemu anaweza kufungua tangi la juu na la chini, kupitisha waya mwembamba kwenye kila mrija kuondoa uchafu, kisha kufunga tena na kuijaribu kwa upepo ndani ya pipa la maji. Ni kazi ya siku moja, na mara nyingi hurudisha rejeta miaka kadhaa. Lakini kama mapezi yake yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole, hapo msihangaike, imekufa.

Rejeta mpya nyingi zinazouzwa sasa ni za alumini zenye matangi ya plastiki. Ni nyepesi, na iliyo nzuri inapooza vizuri. Udhaifu wake ni kwamba plastiki ikipasuka hailehemiki. Anayeishi mjini karibu na maduka anaweza kuichagua bila wasiwasi. Anayeishi kijijini ambako fundi lehemu yupo lakini duka la rejeta liko safari ya siku nzima, sisi tungemshauri aitunze ya shaba kadiri inavyowezekana.

Mkiinunua mpya, angalieni unene wake. Ulizeni ina safu ngapi za mirija. Pikapu inayopanda milima na mzigo haitaki rejeta nyembamba kuliko iliyotoka. Ya gari la gia za mkono na ya gari la otomatiki hazilingani: ya otomatiki ina vijipaipu viwili vya oili kwenye tangi lake. Rejeta ya mtumba kutoka Japani au Dubai inaweza kuwa nzuri, ila isinunuliwe bila kujaribiwa kwa upepo mbele ya macho yenu. Muuzaji akikataa, mwageni kwa heshima.

Tahadhari moja. Wako madereva wanaoziba rejeta inayovuja kwa kutia yai, binzari au sabuni. Kweli tone hukoma. Lakini vitu vilevile vinavyoziba tundu huziba pia mirija midogo, na kesho gari linachemsha kwa sababu nyingine.

Mfuniko na mipira ya maji tusiirefushe. Mfuniko ubadilishwe kama mpira wake wa chini umepasuka au kuwa mgumu, na namba ilingane na ya zamani: aliyekuwa na 0.9 asipewe mkubwa zaidi kwa kuambiwa ni imara. Rejeta kuukuu ikibanwa kupita kiasi hupasuka. Mipira ibonyezwe ikiwa baridi. Iliyolainika kama andazi lililolowa, au iliyokakamaa na kuonyesha nyufa, itoke. Mpira wa chini kama ulikuwa na waya wa springi ndani, mpya nao uwe nao.

Kwenda dukani

Msiende Gerezani pale Kariakoo, wala Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, mkiwa na neno moja tu, "Hilux." Fungueni boneti mkasome kibao cha gari. Kikiandika LN, hiyo ni dizeli ya jamii ya L. RN ni petroli ya jamii ya R. LN85 na LN106 zinafanana kwa sura lakini si gari moja. Andikeni namba hiyo, namba ya chesisi na aina ya injini kwenye karatasi. Hii ni muhimu zaidi kwa pikapu za umri huu, kwa sababu nyingi zimekwisha badilishwa injini, na kibao kinaweza kusema 2L huku ndani imelala 3L. Ndiyo maana twasema beba na spea ya zamani, hata kama inachafua kikapu.

Mwuza spea atasema, "Mama, hii orijino, hii ya kawaida." Mwombe azitoe zote mbili zikae mezani. Tazama maandishi ya boksi kama yamechapwa safi au yanafifia, kama namba ya boksi na ya spea ni moja, kama uzito ni uleule. Bei iliyo chini mno kuliko maduka matatu ya jirani ina sababu yake. Dai risiti yenye jina la duka na namba ya spea. Tanzania ina Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulika na bidhaa bandia, lakini bila risiti huna cha kuwaonyesha.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, mpangilio wetu ni huu: mfuniko, thamostati na mikanda kwanza, kwa sababu ni vya bei ndogo, kisha mipira iliyochoka, kisha pampu kama inavuja au inacheza, na hiyo iwe nzuri. Rejeta isafishwe kwanza, ununuzi ungoje.

Maji ya kutia

Maji ya visima vyenye chumvi, kama vingi vya Dodoma, huacha ukoko mweupe ndani ya injini uleule unaouona kwenye birika lako. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora zaidi, na bora kuliko hayo ni kuyachanganya nusu kwa nusu na kulanti. Watu husema kulanti ni ya nchi za barafu. Kumbe pia huzuia kutu, hutunza sili ya pampu, na huinua kiwango cha kuchemka. Msichanganye aina mbili. Rangi si kipimo cha kufanana.

Lakini, mama, kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ni tamu kwenye ulimi, na ni sumu kali. Kiasi kidogo kinaweza kumwua mtoto au kuharibu figo zake. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Ikae juu, imefungwa, katika kopo lake lenye jina. Iliyomwagwa kutoka kwenye gari isiachwe kwenye beseni uani, maana hata kuku na mbwa huifuata. Mtoto akionja, msingoje dalili. Nendeni hospitali saa ileile mkiwa na kopo lenyewe.

Wiki ya kwanza

Gari likirudi, hewa bado huwa imejificha ndani. Fundi aliachie lingurume mfuniko ukiwa wazi tangu injini ingali baridi, akiongeza maji hadi mapovu yaishe na mpira wa juu uwe wa moto, ndipo afunge. Kisha, kwa siku saba, kila asubuhi kabla ya kuwasha, mtu mmoja wa nyumbani atazame kopo la akiba. Pigeni mstari kwa kalamu pale maji yalipo. Kushuka kidogo siku ya kwanza na ya pili ni hewa inayotoka. Siku ya tatu mstari ukiwa bado unaachwa juu, dereva asiongeze maji na kuondoka na mzigo. Pikapu irudi kwa fundi, pamoja na ile risiti.